Somo: Kusoma alama ya 1933 LA ya asteroidi 1278 Kenya

Wanachama wenzangu wa Dar es Salaam, wengi huipita alama ya 1933 LA iliyo kando ya jina la asteroidi (jiwe la angani linalozunguka Jua) 1278 Kenya, ilhali ndiyo inayoeleza ilipatikana lini. Shikeni kalamu.

Hatua ya kwanza: andika mwaka. Mwaka 1933 mwanaastronomia Cyril Jackson aliigundua akiwa Johannesburg, Afrika Kusini. Zama hizo walipiga picha anga ileile mara mbili, wakatafuta kilichosogea. Juzi, nyumbani Upanga, nilimchorea mpwa wangu nukta kwenye karatasi mbili za plastiki, nikazipachika dirishani moja juu ya nyingine. Nukta zote zilikaa pamoja isipokuwa moja, naye akaigusa kwa kidole kabla sijauliza.

Hatua ya pili, yenye utamu zaidi: gawa kila mwezi nusu mbili, uzipe herufi kuanzia A, ukiiruka I kwa kuwa hufanana na namba 1. Ukihesabu kwa vidole, L inaangukia tarehe 1 hadi 15 Juni. Jackson aliipata tarehe 15. Angechelewa siku moja tu, tungeandika M.

Hatua ya tatu: A ya mwisho maana yake ni ya kwanza katika nusu mwezi huo. 1279 Uganda, aliyoipata siku ileile, ni 1933 LB. Namba 1278 ni ya kudumu, hutolewa njia yake ikishajulikana kwa uhakika.

Swali (Temeke): Shikamoo mwalimu. Nitaiona nikiwa ufukweni Kigamboni?

Jibu: Marahaba. Kwa macho matupu huwezi, kwani kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, nayo iko kati ya Mirihi na Mshtarii. Anza na Vesta, asteroidi kubwa, ambayo ikitukaribia huonekana hata kwa darubini ndogo ya macho mawili.

Swali (Mbagala): Kama ni nukta tu, ukubwa ulipimwaje?

Jibu: Kwa joto. Jiwe kubwa jeusi laweza kurudisha mwanga sawa na dogo jeupe, lakini lile kubwa hutoa joto zaidi. Kung'aa na kufifia kwake nako kumeonyesha kuwa Kenya hujizungusha mara moja kwa saa 188 hivi, polepole mno kwa asteroidi.

Swali (Ilala): Na herufi ya pili ikifika Z?

Jibu: Huanza upya kwa kuongezewa namba: baada ya LZ hufuata LA1.