SOMO: Kaseti yako ya gemu ya zamani ina thamani au ni ya zamani tu? (soma kabla hujauza)

Habari zenu wadau. Mara nyingi natumiwa picha ya kaseti mtu kaikuta kwenye droo anauliza "hii ni adimu?" na kabla sijajibu anauliza "nitapata ngapi?" kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja. Hayo ni maswali mawili tofauti na wanaoyachanganya ndio wanaolizwa. Uadimu ni zimebaki ngapi, thamani ni wangapi wanaitafuta na yako iko kwenye hali gani. Kuna kaseti chache kabisa duniani ambazo hakuna anayezitaka, na kuna zilizouzwa mamilioni ambazo watu wanagombania.

HATUA YA 1: Jua umeshika nini
Soma namba ndogo kwenye lebo. Ikianza na NES ni Nintendo ile ya kwanza, SNS ni Super Nintendo, DMG ni Game Boy, NUS ni Nintendo 64, AGB ni Game Boy Advance. Herufi za mwisho zinakwambia soko lake, USA ni Marekani, EUR ni Ulaya. Usizidharau hizo herufi maana gemu ileile ya soko moja inaweza kuwa ya kawaida na ya soko lingine ikawa dhahabu.

HATUA YA 2: Orijino au feki?
Hapa tukae kidogo maana ndio panaumiza. Mimi niliwahi kununua Pokémon Emerald, gemu ya Game Boy Advance, kwa mtu niliyemwamini, lebo inang'aa, plastiki ya kijani inaonyesha ndani, nikacheza masaa mengi tu nikasevu nikalala, kesho yake nawasha hamna kitu, yote imefutika, kumbe ni feki. Nilimrudia muuzaji akakataa kabisa kurudisha hela. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sinunui bila kuangalia haya:

Kwanza lebo. Rangi zimekolea kupita kiasi, maandishi yamefifia pembeni, pembe zimekatwa ovyo, hiyo ni dalili. Kaseti nyingi orijino za Game Boy na Advance zina namba ndogo iliyogandamizwa kwenye lebo, huioni vizuri mpaka uinamishe kwenye mwanga.

Pili pini. Kwenye kaseti za Advance ukichungulia pale chini, juu kidogo ya pini utaona neno Nintendo kwenye bodi. Feki nyingi hazina, au mwandiko ni tofauti.

Tatu ndani, na hapa ndipo kwenye uhakika. Kaseti za Nintendo nyingi za kabla ya Advance zimefungwa na skrubu za ajabu zinazohitaji bisibisi maalum ya milimita 3.8, nunua, ni kitu kidogo. Ukifungua angalia jina la Nintendo na mwaka kwenye bodi, na chipu ziwe na maandishi yake. Ukikuta tone jeusi la gundi limefunika chipu shtuka, ila usihukumu hapohapo maana zipo kaseti orijino za NES zilizotengenezwa hivyo. Linganisha na picha ya bodi halisi ya gemu hiyohiyo.

HATUA YA 3: Hali yake
Kaseti tupu ni bei moja, kaseti na boksi na kitabu chake ni bei nyingine kabisa, na ambayo haijawahi kufunguliwa hiyo ni dunia nyingine. Sababu ni rahisi, kaseti ni plastiki ngumu, boksi lilikuwa la karatasi na watoto wakilichana siku ya kwanza, kwahiyo kilichobaki kichache ni boksi sio gemu. Super Mario Bros. imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40, hakuna mtu mwenye akili atakwambia ni adimu, lakini moja ya mapema ambayo haijafunguliwa ilifika dola 660,000 mnadani Marekani Aprili 2021, na Julai mwaka huohuo Super Mario 64 ikapita dola milioni 1.5. Ni kweli kabisa, ila ule ulikuwa msimu wa soko kuchemka na zile zilikuwa kama zimetoka kiwandani jana. Yako iliyoandikwa jina la kaka yako kwa kalamu isiiote hiyo bei.

Na plastiki ya nje isikudanganye, wapo wanaofunga upya. Maboksi ya NES ya kiwandani yana mshono wa mlalo nyuma, plastiki imepandiana. Kama hauoni, uliza maswali.

HATUA YA 4: Kwanini ipo chache?
Uadimu wa kweli una historia unayoweza kuisimulia. Chukua Stadium Events ya kampuni ya Bandai ya 1987 Marekani, gemu ya NES iliyochezwa kwa kukimbia juu ya zulia maalum, Nintendo walichukua haki za lile zulia wakalipa jina jipya, gemu nayo ikarudi kwa jina la World Class Track Meet, basi zile zenye jina la zamani zikabaki kiduchu. Kaseti za mashindano ya Nintendo World Championships 1990 ni za kijivu 90 zenye namba, na za dhahabu 26 zilizotolewa kama zawadi. Sasa kila mwenye The Legend of Zelda ya rangi ya dhahabu anadhani anayo moja ya hizo, hapana ndugu, Zelda ya dhahabu ndio ya kawaida!

HATUA YA 5: Bei
Angalia zilizouzwa, sio zinazouzwa. Mtu anaweza kuandika bei yoyote anayotaka, ikakaa pale miaka.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu tulizoea kupuliza kaseti ndio inawaka, ina madhara?
Jibu: Acha kabisa. Unatia unyevu wa mate kwenye pini na pini zinaliwa. Ilikuwa inawaka kwa sababu umeichomoa ukaichomeka tena. Tumia spiriti ya asilimia 90 kwenda juu na kijiti cha pamba, iache ikauke vizuri.

Swali: Pokémon Gold yangu haisevu tena, nimeuziwa feki?
Jibu: Sio lazima dada. Ndani kuna betri CR2025 inayoshikilia sevu na saa kwa pamoja, kwahiyo inaisha mapema kuliko za gemu nyingine. Mpe fundi anayejua kulehemu aweke yenye miguu yake, usibandike na selotepu. Ukija kuuza mwambie mnunuzi ukweli kwamba betri ni mpya, wengi wanafurahi tu.

Swali: Kaseti za gemu ya E.T. ya kampuni ya Atari si zilizikwa jangwani? Ninayo moja, mimi tajiri?
Jibu: Zilizikwa kweli, Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, zikafukuliwa 2014. Ila zilitengenezwa mamilioni kwahiyo ya kawaida ni rahisi. Zinazotafutwa ni zilizofukuliwa pale, na hizo mji wenyewe uliziuza zikiwa na cheti.

Swali: Kuna stika ya duka la kukodisha juu ya lebo, niitoe?
Jibu: Usiivute! Lebo ikichanika hairudi. Piga picha hivyo hivyo, muachie mnunuzi aamue.

Swali: Nipeleke yangu kwenye kampuni za kupima ubora zile za kina Wata ndio niuze?
Jibu: Kama ni kaseti tupu ya kawaida gharama ya kupima na kusafirisha itakula faida yote. Kama haijafunguliwa au ina boksi safi sana hapo fikiria, ila kwanza tuma picha ya mbele, nyuma na ule mshono, tuiangalie wote kabla hujalipa chochote.