Albamu ya kwanza ya bluegrass na honky-tonk: panga waimbaji kabla ya kumwita mpiga gitaa la stili

Mimi naimba baritoni. Ni ile sauti ambayo hakuna anayeitambua mpaka ikosekane, na ukiiimba peke yako watu watakuuliza huo ni wimbo gani. Kwa hiyo ujue mapema kwamba ushauri wangu una upendeleo: sauti za watu zikae sawa kwanza, vyombo vifuate.

Mitindo hii miwili ya kantri ya Marekani ni ndugu, lakini haikulelewa nyumba moja. Bill Monroe, mtu wa Kentucky na baba wa bluegrass, aliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri kule Nashville, mwaka 1939, na mwishoni mwa 1945 akajiunga naye Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu. Hapakuwa na ngoma. Watu walikaa kimya wakasikiliza. Honky-tonk yenyewe ilikulia kwenye baa za Texas na majirani zake baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933. Humo chupa zinagongana, watu wanacheza, na gitaa lisilo na umeme halisikiki hata meza ya pili. Ukichukua vyombo vyote vya huku na vyote vya kule ukavimwaga studio, utapata kelele.

Anza na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaegemea. Waimbaji wa honky-tonk kama Ernest Tubb waliimba chini, kwa raha zao. Bluegrass hupandishwa mpaka B au B-flati ili sauti ikaze. Wewe usimfuate mwimbaji kiongozi, mfuate wa tena (tenor, sauti inayokaa juu ya kiongozi), maana ndiye anayeishi juu. Chukua kodi (chord, noti zinazolia pamoja) ya G: kiongozi akishika G, tena anakaa B juu yake, mimi nashuka D chini yake. Sasa mpandishe kiongozi mpaka anapokaza koo, na huyo tena atakuwa anapiga mayowe. Hapo kuna dawa waliyoitumia sana Osborne Brothers, ndugu wa bluegrass, tangu miaka ya 1950: kiongozi anabaki juu kabisa, baritoni chini yake, na noti za tena zinashushwa oktavu nzima hadi chini ya wote. Kodi ni ileile, ila wimbo wenyewe unakaa kileleni na unakuchoma. Kwa wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, mimi sioni mpangilio unaoupita. Ndugu hao ndio pia waliothubutu kuingiza ngoma na vyombo vya umeme, wakalaumiwa na wahafidhina. Wasikilize kabla hujaanza.

Halafu kuna ugomvi wa pigo la pili na la nne. Katika bluegrass besi inapiga la kwanza na la tatu, na mandolini inajibu kwa ule mkato mkavu kwenye la pili na la nne. Hiyo mandolini ndiyo snea yao, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Ukileta mpiga ngoma, anapiga snea palepale, na wawili hao hawatalingana kamwe kwa usahihi wa nukta. Amua kwa kila wimbo nani anashika zamu. Mimi hupenda mandolini ikate kwenye beti, ngoma ikiwa ya brashi tu, kisha kwenye kibwagizo fimbo ziingie na mandolini igeuke kupiga noti za mtetemo. Nyimbo za mdundo wa kutembea, ule mwimbaji wa honky-tonk Ray Price alioutia nguvu mwaka 1956 kwa “Crazy Arms”, zinataka besi ipige kila pigo, moja mbili tatu nne. Hapo banjo ipumzike. Mpiga banjo atanuna. Mpe wimbo mmoja wa kasi wa ala tupu, atasahau.

Stili ya pedali, lile gitaa la kulazwa linalopigwa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi, ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Inavuta noti ndefu, inateleza, na inateleza palepale anapokaa wa tena. Mkataba na mpiga stili uwe mfupi: sauti tatu zikiimba, yeye anyamaze; mstari ukiisha, ajibu. Fidla ifuate sheria hiyohiyo, na wagawane: beti moja ya fidla, moja ya stili. Mpiga stili mzuri atakushukuru, kwa sababu jibu lake sasa linasikika.

Siku ya kurekodi, ngoma na stili ziwe chumba kingine. Waimbaji watatu wazunguke maiki moja. Wa tena arudi nyuma hatua, kiongozi asogee, nami nijibane ubavuni. Mhandisi atataka kila mtu awe na maiki yake ili aweze kurekebisha baadaye. Mkatalie. Tukisimama pamoja naona kidevu cha kiongozi kinavyoshuka anapotaka kukata neno, nami nakata naye. Silabi ya mwisho inafungwa na midomo mitatu kwa wakati mmoja. Ukirekodi mmoja mmoja, zile “s” za mwisho zitakuja tatu tatu, na utashinda mezani ukizifuta.

Maneno ya nyimbo hayasumbui sana. Baa na usaliti upande mmoja, mama na kaburi upande mwingine. Kilio ni kilekile. Ila usizigawe, za bluegrass mwanzo na za honky-tonk mwisho, maana utakuwa umetoa albamu mbili fupi. Wimbo wa kwanza uwe na sauti tatu na stili ndani ya nusu dakika ya mwanzo.

Wakati wa kuchanganya, sikiliza kila wimbo kwa spika moja, sauti ikiwa ndogo. Kama humsikii wa tena, usimpandishe yeye. Ishushe stili kwanza, halafu mandolini, halafu sikiliza upya. Na kama baritoni ndiyo haisikiki, iache hapohapo. Izime tu mara moja uone kibwagizo kinavyolegea, kisha uirudishe.