SOMO: Klabu ya kusoma tafiti kazini kwako

Wenzangu wa Dodoma, kuanzia Hospitali ya Benjamin Mkapa hadi zahanati za Bahi na Kongwa, watu watano wanatosha kuanzisha klabu.

Hatua ya 1: Anzeni na mgonjwa. Mtoto kaletwa usiku, homa kali, mikono ya baridi, anahema kwa shida. Maji ya mshipa yaende kwa kasi au taratibu? Swali la namna hii mtu atalisomea hata akitoka zamu.

Hatua ya 2: Tafuteni makala moja tu. Hapa ipo ya utafiti uitwao FEAST, ya mwaka 2011, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Wengi tulifundishwa kwamba maji ya haraka huokoa. Ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila 100 waliopewa maji kwa kasi. Kwa wasiopewa kwa kasi, 7.3.

Hatua ya 3: Msikimbilie hitimisho, kaeni kwenye mbinu. Watoto waligawanywa kwa kura? Nani aliachwa nje? FEAST haikuwachukua wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Weka kidole kwenye mstari huo, mwenzako ausome kwa sauti. Anayeuruka anaweza kurudi wodini akamnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuhara. Mimi ningetumia nusu ya kikao hapo.

Hatua ya 4: Dakika 45, mara mbili kwa mwezi, baada ya ripoti ya asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, makala nyingi zinalipiwa. Tufanyeje?*
Kituo chenu kiombe usajili wa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungulia vituo majarida ya afya. Wakati mnasubiri, PubMed Central, hifadhi ya makala mtandaoni, ni bure.

*Kiingereza kinatushinda wengine.*
Someni kwa Kiingereza, bishaneni kwa Kiswahili. Ukiweza kumweleza mhudumu wa wodi, umeelewa.

*Daktari akishaongea, sisi wauguzi tunanyamaza.*
Hili linaniuma, ndugu yangu. Wekeni utaratibu: muuguzi au mkunga aanze, daktari awe wa mwisho. Aliyekesha na yule mtoto ana jambo la kusema ambalo halimo kwenye jedwali.

*Tukikubaliana, tubadilishe matibabu kesho yake?*
Hapana. Fungueni kwanza mwongozo wa taifa wa matibabu. Mkiona unatofautiana na mlichosoma, andikeni ukurasa mmoja, mpelekeeni mganga mfawidhi pamoja na makala yenyewe.