Ukitaka kupima taka za ufukweni, safisha kwanza
Wale mnaohesabu taka ufukweni, iwe Dar au Mombasa, msianze na hesabu siku ya kwanza. Pimeni mita 100, alama iwe kwenye mnazi au mwamba usiohama, okoteni kila kitu, halafu mrudi baada ya wiki 2 hapohapo maji yakiwa yamekupwa ndo mhesabu. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, linarudi kila wiki 2 hivi kwahiyo mnalinganisha maji yanayofanana, na mnachokuta ni taka zilizoingia juzi juzi, sio mabaki ya mwaka jana. Njia hii inagoma sehemu wanayopita waokota chupa maana plastiki ngumu ndo inaondoka kwanza, waulizeni wametoa kiasi gani, wale wanaujua ufukwe kweli. Na mvua kubwa ikishusha taka za mtoni, hesabu hiyo iandikeni pembeni.