OB ikijaa usiitupe: jinsi ya kutunza rekodi za lindo

Maafande, tuongee kuhusu vile vitabu vya kuandika matukio ya zamu, yaani OB, vimelundikana nyuma ya geti. Watu wanaona kazi ya askari ni bunduki na kufungua geti basi, lakini siku kesi inafika kortini, mwaka umeshapita, aliyekuwa zamu amehamia Mbarara na wakili anauliza ile pikapu ilitoka saa ngapi, utamjibu na nini kama OB haipo? Ukiwa nayo hata askari anayesingiziwa wizi anapona.

Kwanza kabla hujaanza kitabu kipya weka namba kurasa zote kwa kalamu, mtu akichana moja itajulikana. Ukikosea piga mstari mmoja halafu saini, usifutefute. Kikijaa, funga: chora mstari chini ya maneno ya mwisho, supavaiza asaini, juu ya jalada andika lindo gani na tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho. Halafu kiingie kwenye daftari la orodha, kiko kabati gani, nani amekichukua, amerudisha lini. Hapa ndo kampuni nyingi zinalala, vitabu wanavyo ila kukipata kimoja ni kazi ya wiki nzima.

Kabati liwe la chuma lenye kufuli na usiweke kitu sakafuni, mchwa wetu mnawajua. Rejista ya bunduki na risasi ikae peke yake mbali na ya wageni.

Kamera nayo isikudanganye, diski ikijaa mashine inafuta za zamani yenyewe, kwa hiyo tukio likitokea toa klipu siku hiyo hiyo uweke flashi mbili, na linganisha saa ya mashine na ya simu, zikipishana andika kwa dakika ngapi. Polisi wakitaka kitabu wape, lakini piga picha kurasa kwanza na anayechukua asaini.

Muda wa kutunza bosi auandike wazi. Sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019 hairuhusu kukaa na taarifa za watu kupita inavyohitajika, na daftari la wageni limejaa majina na namba za simu, sasa wengine wanauzia karatasi watu wa rolex, ile chapati ya mayai, unakula chapati imefungwa na namba ya jirani yako! Muda ukiisha kichome, mkiwa wawili, na tarehe ya kuchoma iandikwe kwenye ile orodha. Ila kitabu chenye kesi bado inaendelea kisiguswe hata kama muda wake umepita.