Gari inamisi? Pima eathi kabla hujanunua sensa

Gari zinazoshinda pwani huku Unguja, za kukodisha watalii kule Nungwi au pikapu za mwani wa Jambiani, mara nyingi hufika kwa fundi umeme zimeshabadilishwa sensa mbili tatu na ugonjwa uko pale pale. Injini inamisi (inakatakata, haiungurumi sawasawa), starta nzito, taa ya injini inawaka kwa makosa yasiyohusiana. Dalili ninayoiamini zaidi: ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda hapo hapo. Maji hayachemki kwa sekunde moja. Umeme umekosa njia nzuri ya kurudi hasi ya betri, njia hiyo ndiyo eathi, na sensa inasomeka uongo.

Hatua ya 1. Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, iwe karibu volti 12.6, ikiwaka, kawaida 13.8 hadi 14.4. Betri mbovu ishughulikie kwanza.

Hatua ya 2. Gia iwe nyutro, handibreki juu. Weka mita kwenye volti za DC, 20. Waya mweusi wa mita uguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si klipu yake. Mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Mwenzako apige starta, wewe macho kwenye mita. Ikisoma 0.2 au chini, sawa. Ikifika 0.5, eathi ya injini imekufa. Kisha injini ikiwaka, washa taa, feni na AC, upime injini tena, halafu bodi. Hapa isizidi 0.1.

Usipime kwa omu (kipimo cha kizuizi cha umeme). Waya uliobakiwa na nyuzi chache utakuonyesha sifuri, useme mzima. Starta ikivuta ampia 150, kizuizi cha omu 0.01 tu kinakula volti 1.5, na mita zetu za dukani haziioni 0.01 hiyo.

Hatua ya 3. Tafuta palipooza. Mweusi usiuondoe, mwekundu usogeze kidogo kidogo huku starta ikipigwa: klipu, waya, kichwa cha waya, bolti, chuma. Namba inaporuka ghafla, umefika. Ukiwa na haraka, unga waya wa kujampia kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Gari ikitulia, jibu unalo.

Hatua ya 4. Fungua hasi ya betri kwanza. Piga msasa kichwa cha waya na pale kinapokaa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu kuzuia chumvi. Gari iliyopigwa rangi karibuni ichunguze zaidi, wapaka rangi hupitisha tu juu ya sehemu za eathi. Waya wenye unga wa kijani ndani ya plastiki hausafishiki, weka mpya.

Rudia kipimo cha starta, futa makosa kwenye kompyuta, endesha siku mbili tatu. Kosa likirudi moja lile lile, sasa kaikague sensa hiyo.