Jinsi ya kusoma mtiririko wa mto ujue kama samoni na trauti wadogo watapona

Watu wengi wakitaka kujua kama mwaka ulikuwa mzuri kwa samaki wadogo wa mtoni wanakimbilia wastani wa maji wa mwaka mzima, wanaona "ah, maji yalikuwa ya kawaida tu", wanafunga kompyuta. Hapo umeshapotea. Kuna wiki chache zinazoamua nani anaishi, na mto unaweza ukawa na wastani mzuri kabisa huku zile wiki zenyewe zilikuwa balaa tupu. Kwa hiyo kabla hata hujafungua grafu ya maji, tafuta kwanza kalenda ya samaki.

Samoni wa Atlantiki na trauti wa kahawia wanataga kuanzia vuli mpaka mwanzo wa baridi, mara nyingi Oktoba mpaka Desemba, jike anachimba shimo kwenye kokoto kwa mkia, anaweka mayai, anayafukia. Trauti wa upinde wa mvua yeye anataga majira ya kuchipua, kwa hiyo mafuriko ya Januari ambayo yanamtesa trauti wa kahawia hayamhusu kabisa, ila maji ya theluji inayoyeyuka ndo yanamkuta mayai yake yakiwa bado chini. Mto mmoja, maji yaleyale, mwenzake anafaidi yeye anaumia. Ukichanganya hizi spishi kwenye hesabu moja hutaelewa kitu.

Ukishajua wanataga lini, piga hesabu ya lini vifaranga watatoka. Hapa tunatumia joto la maji: chukua wastani wa joto la kila siku, jumlisha siku baada ya siku. Kwa samoni wa Atlantiki na trauti wa kahawia, hiyo jumla ikifika kama 440 mpaka 500 hivi mayai yanaanguliwa, na ikifika kati ya 750 na 900 vifaranga wanaibuka kutoka kwenye kokoto kuanza kujitafutia. Mfano, mayai yametagwa tarehe 20 Novemba na maji yana nyuzi 5 kwa wastani, tuseme unahitaji 850, gawanya, siku 170, unaangukia tarehe 9 Mei au karibu na hapo. Sasa weka nyuzi 7 badala ya 5. Inakuwa siku 121 tu, yaani vifaranga wako nje kwenye tarehe 21 Machi, wakati mito mingi ya mvua bado imejaa. Digrii mbili tu zimewahamisha wiki saba! Ndo maana mimi nasema mtu anayesoma maji bila kusoma joto anasoma nusu ya habari.

Haya, sasa grafu. Uingereza data iko wazi kwenye National River Flow Archive, yaani hifadhi ya rekodi za mtiririko wa mito, Marekani kuna USGS, shirika la serikali la jiolojia, ambao kituo chao cha kwanza cha kupima mto kilianza 1889 kule Embudo, New Mexico, kwa hiyo kuna mito ina rekodi ndefu kweli. Marekani wanatumia futi za ujazo kwa sekunde, ukitaka mita za ujazo gawanya kwa 35.3. Halafu usiangalie namba peke yake maana mita za ujazo 20 kwa sekunde kwenye mto mkubwa ni ukame na kwenye kijito ni gharika, linganisha na siku hiyohiyo ya miaka mingine, pia angalia Q95, ile kiwango ambacho mto unakuwa juu yake asilimia 95 ya muda. Ukiona mto umekaa chini ya Q95 wiki kadhaa ujue huo ni ukame wa kweli.

Dirisha la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha hatari, ni mayai. Mafuriko makubwa yenye nguvu ya kusukuma kokoto yanayafukua na kuyaondoa, na wa kwanza kuumia ni mayai ya majike wadogo, maana jike mdogo anachimba shimo fupi na mkubwa anafukia chini zaidi. Kwa hiyo mto wa trauti wadogo wadogo unateseka kwa furiko ambalo samoni wakubwa wanalivumilia. Lakini usitafute mafuriko makubwa tu, hata maji ya kati yanayobeba tope yanaua kimyakimya, tope linaziba nafasi kati ya kokoto, oksijeni haipiti, mayai yanakosa hewa humohumo yalipofukiwa. Kwenye grafu huwezi kuliona hilo, inabidi uende mtoni ukapekue kokoto kwa mkono uone kama maji yanageuka uji.

Na kuna kinyume chake, maji kushuka. Samaki wametaga mto ukiwa juu, baadaye maji yanapungua, viota vinabaki nchi kavu. Mfano mzuri wa kutibu hili uko mto Columbia, Marekani, sehemu ya Hanford Reach chini ya bwawa la Priest Rapids. Samoni wa Chinook (aina ya samoni wa Pasifiki) wa vuli wanataga pale Vernita Bar na wanapenda kutaga mchana, basi tangu makubaliano ya 1988 wenye mabwawa wanashusha maji mchana wakati wa kutaga ili samaki wachimbe viota chini, usiku ndo wanapitisha maji mengi, halafu baada ya hapo wanahakikisha maji hayashuki mpaka kuviacha wazi viota. Kwa akili ya kawaida ungedhani samaki anahitaji maji mengi akitaga, kumbe pale yakipungua kidogo saa sahihi ndo wanapona. Kwa hiyo kwenye grafu yako linganisha kimo cha maji wakati wa kutaga na kimo cha chini kabisa miezi iliyofuata, tofauti ikiwa kubwa anza kuwa na wasiwasi.

Dirisha la pili ndo kali kuliko yote. Kifaranga anapoibuka ana kama sentimita 2.5 tu, kile kifuko cha kiini cha yai anachokula kimekaribia kuisha, hajui kula vizuri, hajui kuogelea vizuri, na wote wanatoka karibu wakati mmoja wanagombania nafasi. Maji yakija kwa nguvu wiki hizo wanasombwa. Furiko hilohilo likija wiki sita baadae wanalikwepa, wanajificha nyuma ya mawe kama hakuna kitu. Weka alama kwenye grafu, wiki mbili kabla na nne baada ya tarehe uliyoipata kwa hesabu ya joto, halafu hesabu ni siku ngapi maji yalipanda sana. Mtu akiniambia nichague kipimo kimoja tu nitachukua hiki.

Ukitaka kuona kwa macho nenda na chungwa na saa. Pima urefu wa mita 10 kufuata ukingo wa mto, dondosha chungwa, angalia sekunde. Likitumia sekunde 25 hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde juu, zidisha kwa 0.85 upate kama 0.34 kwa wastani wa kina. Hapo kifaranga mpya hakai, yeye anataka maji ya polepole, chini ya 0.2 hivi. Sasa fanya hivyohivyo kwenye ukingo wenye majani, mizizi, mawe, utakuta kasi ni ndogo sana. Mto wenye kingo za hivyo unaokoa vifaranga hata maji yakijaa, mto ulionyooshwa kama mfereji hauna pa kujishika. Samoni akikua kidogo mapezi yake makubwa ya kifuani yanamsaidia kujibana chini kwenye maji ya kasi, trauti anapenda zaidi pembeni na kwenye vina.

Kama juu ya mto kuna mitambo ya umeme wa maji, acha wastani wa siku, chukua data ya kila saa au dakika 15. Wakizima mitambo ghafla maji yanashuka fasta na vifaranga wanabaki kwenye vidimbwi na katikati ya mawe, wanakauka. Inakuwa mbaya zaidi maji yakiwa baridi na ni mchana, kwa sababu muda huo wamejificha ndani ya kokoto, hawatoki mapema. Ukiona kimo kinashuka zaidi ya sentimita 10 kwa saa, hapo pana tatizo.

Kiangazi sitakaa sana: maji yakipungua nafasi inakuwa finyu, joto linapanda, na trauti wa kahawia zikipita nyuzi 19 au 20 kula kunakuwa shida. Pia joto linaua mayai, mto Sacramento kule California 2014 na 2015 maji kutoka bwawa la Shasta yalikuwa ya moto mno na karibu mayai yote ya Chinook wa msimu wa baridi (wanaingia mtoni wakati wa baridi ila wanataga kiangazi) yakafa, wakati maji yenyewe yalikuwepo.

Mwisho linganisha na idadi ya samaki, ila kuwa makini na miaka. Hesabu ya vifaranga inafanywa mwisho wa kiangazi, kwa kila mita 100 za mraba, ndo inaonyesha mwaka huohuo. Samoni wazima wanaorudi kutoka baharini wanaonyesha habari ya miaka mitatu, minne, mitano nyuma. England na Wales 2016 vifaranga wa samoni walikuwa wachache ajabu kwenye mito mingi kwa mpigo, baada ya majira ya baridi ya 2015/2016 yaliyokuwa na joto na mvua nyingi mno, na mito ikianguka pamoja hivyo unajua ni hali ya hewa. Ukikuta mto mmoja tu umeanguka na majirani zake wako sawa, acha kulaumu mvua, panda juu ya mto utafute bwawa, shamba linalomwaga tope, au mtu anayevuta maji.